Hukumu ya deni Uingereza: barua iliyokwenda nyumba ya zamani

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi mliopo huku. Leo nazungumzia hukumu ya mahakama kwa deni lisilolipwa, ambayo huku wanaiita CCJ. Haya ni ya Uingereza na Wales. Scotland wana utaratibu wao.

Nyumbani mtu akisikia "kahukumiwa kwa deni" hufikiria jela. Mama, usilie: deni la simu, la umeme au la kadi ya benki halimfungi mwanao huku. Linalomfika ni jengine. Hukumu inaandikwa kwenye daftari la wazi na inakaa humo miaka 6. Benki, kampuni ya simu, wakala wa nyumba, wote wanaiona wakimkagua. Ndiyo maana kijana ana kazi na mshahara, lakini kila nyumba anayoomba anaambiwa alete mdhamini.

Hukumu nyingi za namna hii hutoka bila ya mdaiwa kujibu neno. Karatasi ya madai inakwenda kwa posta, kwenye anwani ya mwisho anayoijua mdai. Ikishahesabiwa imefika, una siku 14 za kujibu. Ukirudisha fomu ya kukiri kuipokea, zinakuwa 28. Watu wetu wanaumia hapo. Tunahama vyumba mara kwa mara, na wengine Ramadhani mpaka Idi wapo Wete au Mjini kwa wazee. Bahasha imelala kwenye nyumba ya zamani, siku zinakwenda, hukumu inatoka. Kwa hiyo ukihama, wape anwani mpya wote wanaokudai, hata uliogombana nao.

Kabla ya kesi, mdai hutakiwa kukutumia barua ya madai yenye fomu, na unapewa siku 30. Jibu hapo hapo, ni rahisi zaidi kuliko baadaye. Kesi ikishafunguliwa, deni la kweli unalikiri kwa fomu N9A, usilolitambua unalipinga kwa N9B. Kwenye N9A unaandika mapato, matumizi na watu unaowalisha, kisha unataja utakacholipa kwa mwezi. Nakuombeni msione haya kwenye kiwango. Mtu anaahidi pauni 150 ili aonekane muungwana, mwezi wa pili kashindwa, na mdai anapata njia ya kwenda mbele.

Njia hizo ni kama hizi. Mahakama inaweza kumwamuru mwajiri akate mshahara kabla haujakufikia, na mwajiri anaruhusiwa kuchukua pauni 1 yake kila akikata. Nyumbani mtaona pesa za mwezi zimepungua, na huenda mwenyewe anaona aibu kusema sababu. Au wanakuja madalali wa mahakama. Hao lazima watoe notisi ya siku 7 kamili, na kwa deni la aina hii hawaruhusiwi kuvunja mlango mara ya kwanza. Ukiwafungulia wakaingia na kuorodhesha vitu, haki zao zinaongezeka, basi zungumza nao nje. Ukiwa huwezi kiwango kilichopangwa, peleka fomu N245 kuomba kipunguzwe.

Sasa sikilizeni hili la mwezi mmoja, maana watu wanalikosa kwa siku mbili tatu. Ukilipa deni lote ndani ya mwezi tangu tarehe ya hukumu, jina linafutwa kabisa daftarini. Hesabu inaanza siku ya hukumu, siyo siku uliyofungua barua. Ukilipa baada ya hapo, inaandikwa kwamba umelipa, lakini jina linabaki mpaka miaka 6 itimie.

Kama barua haikukufika na una hoja ya kweli ya kujitetea, omba hukumu itenguliwe kwa fomu N244. Ina ada, lakini mwenye kipato kidogo anaweza kuomba msamaha wa ada. Nenda upesi, kwa sababu hakimu atauliza ulijua lini na ulikaa siku ngapi.

Daftari lenyewe linatafutwa kwenye tovuti ya TrustOnline, kwa jina na anwani. Tafuta kwa kila anwani uliyokaa miaka 6 iliyopita, na kwa kila namna jina lako lilivyoandikwa, kwa sababu majina yetu matatu, lako, la baba na la babu, huku huyapanga wanavyotaka.