Namba za Ajira na Mikono ya Mbanguaji

Wazee wangu, mama zangu, vijana wa chuo, asanteni kwa kuja. Wiki hii nimeulizwa swali lilelile mara nne hapa Mtwara, hadi sokoni: "Mwalimu, kila siku tunasoma kampuni kubwa za Marekani zinapunguza wafanyakazi, halafu serikali yao inatangaza ajira zimeongezeka. Si uongo huo?" Nimelijibu miaka mingi, na leo nalijibu tena, maana mtu akishaamini kwamba kila takwimu ni uongo, atamfuata yeyote mwenye sauti kubwa.

Nianzie Tandahimba. Nilikuwa mdadisi katika utafiti wa kaya. Nikamkuta mama barazani, amekaa kwenye kigoda, anagonga korosho moja moja juu ya jiwe. Wabanguaji mliomo humu mnaijua mikono hiyo: vidole vyeusi, ngozi imebabuka kwa mafuta ya ganda. Pembeni ana kopo la majivu, kila baada ya muda anachovya vidole. Nikamuuliza kama ana kazi. "Sina, mwanangu." Nikasoma swali kama lilivyoandikwa: katika siku saba zilizopita, umefanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja? Akanyamaza kidogo. "Hizi nabangua za mtu, nalipwa kwa kilo. Lakini hii si kazi, huku ni kuhangaika." Nikaweka alama: ana kazi. Akaniuliza nimeandika nini, nikamwambia. Akanigeuzia viganja vyote viwili. "Haya, na hivi viandike."

Dodoso halikuwa na nafasi ya viganja. Je, nilidanganya? Sikudanganya. Lakini anayesoma ripoti bila kujua swali lililoulizwa atadhani yule mama anaishi vizuri.

Marekani kipimo ni hichohicho. Kila mwezi wanauliza kaya zipatazo 60,000 kuhusu wiki yenye tarehe 12. Ukifanya kazi ya malipo saa moja tu wiki hiyo, una kazi. Mhandisi aliyeachishwa, kisha akabeba abiria jioni tatu, hatokei kwenye safu ya wasio na kazi. Na aliyetangaziwa leo kwamba atapunguzwa huenda bado analipwa, kwa sababu sheria yao ya mwaka 1988 inawataka waajiri wakubwa watoe notisi ya siku 60 kabla ya kupunguza watu kwa wingi. Gazeti linaandika siku ya tangazo. Takwimu inasubiri mshahara ukome.

Halafu kuna ukubwa wa nchi. Kule, hata mwezi wa kawaida, watu zaidi ya milioni 1.5 huachishwa kazi, na zaidi ya milioni 5 huajiriwa. Kampuni ikipunguza 10,000, kwa kila familia ni msiba. Kwenye jumla ya taifa haionekani.

Kuna kijana hapo nyuma anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema: mbona namba zenyewe wanazibadilisha? Hesabu ya ajira mpya wanaiuliza kwa waajiri, si kwa kaya, na wengine huchelewa kujibu: Juni 2025 walitangaza ajira mpya 147,000, baadaye wakasema 14,000. Kijana wangu, mfikirie karani wa ghala msimu wa korosho. Jioni ameshapokea malori kumi, matano bado yako njiani kutoka Nanyamba. Bosi anataka hesabu usiku huohuo. Anakadiria: haya kumi yamejaa, na yale matano yatakuwa hivyo. Asubuhi yanafika nusu tupu, anashusha hesabu, na anaishusha hadharani. Huyo ndiye karani wa kumwamini! Mimi namwogopa karani ambaye hesabu yake haijawahi kubadilika tangu aajiriwe.

Ndiyo maana kilichoniuma ni yaliyotokea tarehe 1 Agosti 2025. Siku ileile yalipotoka marekebisho hayo, Rais Trump alimfukuza kazi Erika McEntarfer, mkuu wa idara ya takwimu za kazi. Mwezi uliofuata idara ikatoa makadirio mengine kwamba hesabu ya ajira za mwaka ulioishia Machi ilizidi ukweli kwa 911,000. Kwa hiyo makarani waliendelea kushusha hesabu. Lakini anayeshika kalamu sasa anajua kilichompata mwenzake.

Kuhusu kaya zinazokataa kujibu, ambazo zimeongezeka sana kule, sitaingia, saa inakimbia. Na sisi? Sisi hatuna hata hiyo ya kila mwezi ya kubishania. Utafiti wetu wa nguvukazi ulifanyika 2006, ukaja 2014, kisha 2020/21. Mwaka 2014 bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikuwa bado linajengwa. Lilikamilika 2015. Wenye nyumba za wageni humu ndani wanajua kilichofuata wajenzi walipoondoka, na mama lishe waliokuwa wakipika kambini wanajua. Dodoso lilirudi miaka mitano baadaye!

Nilitaka pia tuongee kuhusu mkulima wa mihogo ya kula nyumbani, ambaye kwa viwango vya kimataifa vya 2013 kilimo chake hakihesabiwi tena kuwa ajira. Hilo peke yake ni mhadhara mzima, na mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali. Mama lishe waanze.