Jina moja, lugha mbili: kuunganisha C na Python kwa Cython bila majina kugongana

Karibuni tena. Leo tuna fanksheni ya C inayokokotoa ankara ya maji, na jina lake ni ankara. Tutaiunganisha na Python kwa Cython, zana inayogeuza msimbo unaofanana na Python kuwa C. Tunataka mtu wa Python aandike maji.ankara(1204, 1219) apate jibu lake, bila hata kujua kwamba nyuma yake kuna C. Jina liwe lile lile pande zote mbili, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Fungua kwanza maji.h, yaani faili la kichwa linalotangaza fanksheni za C, tuone tulichonacho:

```
typedef struct {
    double from;
    double to;
} usomaji;

double ankara(usomaji u);
```

Mita ilisoma ngapi mwanzo wa mwezi, ikasoma ngapi mwisho. Kwa C hakuna tatizo lolote hapa. Lakini from ni neno la Python lenyewe, huwezi kulitumia kama jina la kitu chako. Kwa hiyo tuna migongano miwili: ankara na from.

Najua mkono unakuwasha uingie humu ubadilishe majina. Tafadhali usifanye hivyo. Maktaba za C mara nyingi zinatunzwa na mtu mwingine, na kila atakapotoa toleo jipya utarudia kazi ile ile, huku ukiomba usisahau jina hata moja. Tutayamaliza upande wetu.

Hatua ya kwanza ni folda. Cython inachukua maji.pyx, faili la msimbo wetu wa Cython, na kuzalisha maji.c pale pale ilipo. Sasa kama maji.c uliyoiandika kwa mkono imekaa hapo hapo, mafaili mawili yanagombea jina moja, na kazi yako inaweza kufunikwa. Tengeneza folda iitwe chanzo, hamishia humo maji.c na maji.h. Endelea.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito, nenda nami polepole. Moduli moja ya Cython ina kapu moja tu la majina. Majina ya C na ya Python yote yanatupwa humo. Ukitangaza ankara ya C, kisha chini yake ukaandika def ankara, jiulize: mstari unaosema return ankara(u) unamwita nani? Yule wa C, au huyu huyu unayemwandika sasa hivi? Dawa ni kumpa wa C kapu lake. Tengeneza faili jipya la matangazo ya C, cmaji.pxd:

```
cdef extern from "chanzo/maji.h":
    ctypedef struct usomaji:
        double from_ "from"
        double to
    double ankara(usomaji u)
```

Angalia herufi c mwanzoni mwa jina la faili. Ukiliita maji.pxd, Cython italihesabu kuwa mwenza wa maji.pyx, na majina yatarudi kwenye kapu lile lile.

Sasa sogeza macho kwenye mstari wa from. Jina la kushoto ni la kwetu, lile lililo ndani ya alama za nukuu ndilo litakaloandikwa kwenye C. Kistari cha chini mwishoni si mapambo. Ndivyo mwongozo wa mtindo wa Python, PEP 8, unavyopendekeza jina linapogongana na neno la lugha. Nayo to haina ugomvi na mtu, tunaiacha ilivyo.

Hatua ya tatu, maji.pyx:

```
cimport cmaji

def ankara(double mwanzo, double mwisho):
    cdef cmaji.usomaji u
    u.from_ = mwanzo
    u.to = mwisho
    return cmaji.ankara(u)
```

Umeona? cmaji.ankara ni ya C, ankara tupu ni yetu. Kama una fanksheni moja au mbili tu, unaweza kuacha pxd na kutangaza ndani ya pyx hivi: double c_ankara "ankara"(usomaji u). Ni mbinu ile ile ya nukuu. Mimi napendelea pxd, maana fanksheni zikifika ishirini hutahangaika kuvumbua majina.

Kwenye setup.py, faili la maelekezo ya kujenga moduli, orodhesha maji.pyx pamoja na chanzo/maji.c, kisha endesha:

```
python setup.py build_ext --inplace
```

Kuna mgongano wa mwisho, na huu hauonekani kwenye msimbo. Ikiwa maktaba ilikompailiwa kama C++, utaingiza moduli ukutane na undefined symbol: ankara. Kwenye Linux endesha nm, amri inayoorodhesha majina yaliyomo ndani ya faili lililokompailiwa, juu ya faili la maktaba. Utakuta _Z6ankara7usomaji. C++ imeongeza idadi ya herufi za jina, sita, na aina ya kinachopokelewa, ili iweze kutofautisha fanksheni zenye jina moja. Cython inatafuta ankara kavu, haiipati. Hapa tu ndipo nakubali faili la kichwa, maji.h, liguswe, au umwombe mwenye maktaba aliguse, ili C++ iache jina lilivyo:

```
#ifdef __cplusplus
extern "C" {
#endif

double ankara(usomaji u);

#ifdef __cplusplus
}
#endif
```

Kompaili upya maktaba pamoja na moduli, rudia nm. Mstari sasa unasoma T ankara, yaani fanksheni imo humo kwa jina lake kavu, na import maji inapita.