Mkanda wa Msasa na Mashine Ndogo ya Mezani

Ndugu mafundi, wakubwa shikamooni. Tuanze na lalamiko linalosikika sana madukani: "Nimenunua mkanda wa bei mbaya, umekufa siku hiyohiyo." Lawama inamwangukia muuzaji. Mara nyingi muuzaji hana kosa, na mkanda wenyewe haujafa.

Chukueni mkanda huo, pitisheni kucha juu yake. Mkanda mpya unakwaruza kucha na kuacha unga mweupe. Huu unateleza kama kioo, lakini ukiutazama kwenye jua unaona punje zote zipo, zinang'aa vichwani. Punje hazijang'oka, zimelainika. Mkanda huo wa bei mbaya kwa kawaida una punje za seramiki, nazo zimetengenezwa ili zivunjike zikikandamizwa, na kila ikivunjika hutoa ncha mpya. Kwenye mashine ya kiwandani ya kilowati 1.5, fundi anaegemea kwa uzito wake na punje zinavunjika. Mashine yetu hii ndogo ya kuzungusha mkanda wa msasa, ya mkanda wa inchi 1 kwa 30, yaani milimita 25 kwa 762, ina mota ya wati 250 hivi. Ukiegemea, mlio unazama na mkanda unasimama. Ukipunguza nguvu, punje hazivunjiki, zinasugua na kupasha chuma moto tu.

Kwa hiyo mkanda huchaguliwa kwa nguvu ya mota kabla ya bei. Kwa kazi nzito kwenye mashine hii, mkanda wa zirkonia, aina nyingine ya punje, namba 60 au 80 unatosha (namba ndogo ni punje kubwa, namba kubwa ni punje laini), maana punje zake zinavunjika kwa msukumo mdogo kuliko seramiki. Kuanzia namba 120 kwenda juu, nunueni aluminiamu oksaidi ya kawaida na msione aibu kuubadilisha mapema. Aliyekwisha kununua seramiki asiitupe: aitumie kupunguza kingo nyembamba. Nguvu ileile ya mkono ikikusanyika mahali padogo, punje zinavunjika vizuri.

Kisu cha minofu ya sangara kisianzie namba 60, labda kiwe na pengo. Kianze na 240, kiende 400, kisha mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia. Kwenye ngozi, makali yaelekee kule mkanda unakokwenda. Yakiupinga mkanda, yataukata na kisu kitarushwa. Kazi yote hii ifanyike kwa vidole vitupu vikiwa karibu na makali, na ndoo ya maji pembeni. Vidole vikishindwa kuvumilia, chovya. Chuma cha kawaida kikigeuka rangi ya bluu kimeshafika nyuzi 300 hivi, ugumu umeondoka, na kunoa tena hakuurudishi. Itabidi usage hadi upite sehemu ile yote.

Sasa kiungo cha mkanda. Upo uliounganishwa kwa kupandanisha ncha, una mshale nyuma. Ukiufunga kinyume, ule ukingo wa juu unagonga kazi, unafunuka na kukatika. Upo uliounganishwa ncha kwa ncha kwa tepu, huo unakwenda upande wowote. Adui wa tepu huku kwetu ziwani ni unyevu. Gundi yake inachoka ikikaa, na kitambaa cha pamba kinavuta maji na kulegea. Msinunue mikanda ya mwaka mzima. Itundikeni kwenye kipande cha bomba nene, ndani, mbali na ukuta unaotoka jasho. Ikitundikwa kwenye msumari inapata mkunjo, na pale palipokunjika ndipo itakapokatikia.

Mkanda unaohamahama ni ugonjwa wa mashine. Mkanda hupanda kuelekea pale gurudumu lilipo nene zaidi, ndiyo maana gurudumu la juu huvimba kidogo katikati. Mpira wa gurudumu hilo ukilika hadi ukawa bapa, wewe fundi utakaza na kulegeza kitasa cha kurekebisha mpaka uchoke. Chomoa plagi, weka rula juu ya gurudumu, tazama mwanga. Kama huoni mwanga pembeni, uvimbe umekwisha. Mizunguko miwili ya tepu ya umeme katikati, upana wa milimita 10, itakusogeza siku chache. Dawa yenyewe ni gurudumu jipya au kupeleka kwa mchonga vyuma. Kama uvimbe upo na mkanda bado unahama, shika gurudumu ulitikise. Likicheza, beringi imekwisha.

Beringi msiinunue kwa kukadiria. Namba yake imeandikwa ubavuni: 6201 ni milimita 12 kwa 32 kwa 10 (tundu, upana wa nje, unene), na 6202 ni 15 kwa 35 kwa 11. Chukueni yenye mpira pande zote mbili, inayomalizia na 2RS. Ile ya kifuniko cha bati, ZZ, inaruhusu vumbi la msasa kuingia, na vumbi hilo likichanganyika na grisi linakuwa msasa mwingine ndani. Wakati wa kuingiza kwenye shafti, gongeni pete ya ndani tu kwa kipande cha bomba. Ukigonga ya nje, umeiharibu kabla haijazunguka.

Mota inayonguruma bila kuanza, lakini ukiizungusha kwa mkono na umeme ukiwa umezimwa inazunguka laini, mara nyingi ni kapasita, kile kifaa kinachoisaidia kuanza kuzunguka. Toeni chaji yake kwanza kupitia taa ya wati 60, kisha mnunue yenye maikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za mwanzo. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani ni suala jingine: transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hezi, yaani mara ambazo umeme hupiga mzunguko kwa sekunde. Kwa hezi 50 badala ya 60 inapoteza moja ya sita ya mwendo na mota inapata joto.

Na wanaosafisha propela za aluminiamu: pakeni mkanda nta ya mshumaa usizibe, na mkanda huo usiguse chuma kamwe. Vumbi la aluminiamu lililochanganyika na kutu, likipata cheche, linawaka moto ambao maji hayauzimi. Kabla ya kurudi kwenye visu, fungueni kifuniko, mfute vumbi lote kwa brashi, hata lile lililojificha nyuma ya bati la kuegemea.