Mita 300 Mpaka Wapi?

Ahsanteni kwa kufika. Leo nazungumzia jinsi tunavyopima ukaribu wa watu na maeneo ya kijani, na faida yake kwa afya. Nianze na fumbo dogo. Nyumba mbili ziko karibu na bustani moja. Kwenye ramani, ya kwanza iko mita 150 kutoka bustanini, ya pili mita 280. Ipi iko karibu zaidi?

Naona mikono, lakini msiharakishe. Mbele ya nyumba ya kwanza inapita barabara kuu isiyo na kivuko, na lango la bustani liko ng'ambo ya pili ya uzio. Mkazi wake atazunguka zaidi ya kilomita moja. Yule wa pili anakatisha kichochoro tu, kaingia.

Mwaka 2016 Ofisi ya Kanda ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kiashiria ambacho wengi wetu tunakitumia: mkazi awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta hadi hekta moja, lisilozidi mita 300 kutoka nyumbani, yaani kama dakika tano za kutembea. Mgala muue na haki yake mpe: kipimo hiki ni chepesi, na kinalinganisha miji bila gharama kubwa. Shida ni kwamba mita hizo hupimwa kwa mstari ulionyooka. Mimi sijamwona bado mtoto anayekwenda kucheza kwa kupaa juu ya mapaa ya watu. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, katika kiashiria 11.7.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu, hutumia mita 400 za kutembea kwa kufuata njia zenyewe. Namba imekuwa kubwa, lakini iko karibu zaidi na miguu ya watu.

Na dakika tano hizo ni za nani? Anayekwenda mita moja kwa sekunde anazitimiza. Mzee anayekwenda mita 0.6 kwa sekunde anahitaji zaidi ya dakika nane, na huenda akahitaji benchi katikati ya safari.

Sasa njia nyingine ya kupima kijani: setilaiti. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi kwa wingi infraredi ya karibu, mwanga ambao macho yetu hayauoni. Chukua infraredi, toa nyekundu, gawanya kwa jumla ya zote mbili. Unapata namba kati ya -1 na 1, na kadiri inavyopanda ndivyo kijani kinavyozidi. Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za kupiga picha za ardhi, inakupa jibu hilo kwa kila mraba wa mita 10 kwa 10. Ila setilaiti haisomi kibao cha "Hakuna Ruhusa Kuingia". Uwanja wa gofu wa wanachama peke yao unang'aa kijani kuliko bustani ya umma iliyokanyagwa na watoto mpaka nyasi zikaisha.

Tusidharau hata hivyo kijani kisichoingilika. Mti ulio nyuma ya ukuta bado unapoza hewa, bado unaonekana. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Ambao dirisha lao lilitazama miti walirudi nyumbani mapema, na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Hawakuingia bustani yoyote, walikuwa kitandani. Kwa hiyo kijani cha kuonwa na kijani cha kuingiwa vipewe safu mbili katika jedwali. Ukivijumlisha, umeharibu vyote viwili.

Mtu ataniuliza: mbona wenye fedha ndio huishi penye miti, je, si fedha zao ndizo zinazowapa afya, wala si miti? Swali halali kabisa. Ndiyo maana naupenda utafiti wa jiji la Philadelphia, Marekani, uliochapishwa 2018: viwanja vitupu 541 viligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi vikapandwa nyasi na miti michache. Waliokaa karibu na vilivyopandwa, hisia za unyonge zilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ikilinganishwa na waliokaa karibu na vile ambavyo havikuguswa.

Turudi kwenye fumbo. Ramani nyingi zina mipaka ya bustani lakini hazina malango. Kazi hiyo hakuna setilaiti itakayokufanyia. Mtu auzunguke uzio kwa miguu, aandike kila lango, na saa linapofungwa.