Samadi ya Punda na Mchanga Wetu wa Lamu

Assalaam alaikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja na madaftari.

Malalamiko ninayoyasikia Mkomani ndiyo ninayoyasikia Langoni: mchicha unaota vizuri, ukifika kimo cha kidole unageuka manjano na kudumaa. Mbegu haina kosa. Bustani zetu ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe. Maji unayomwagilia alfajiri, adhuhuri yamekwisha kuzama, na yanapozama huondoka na chakula cha mmea. Mchanga mtupu hauna cha kukishikia. Mboji ndiyo inayoshika maji na chakula pamoja.

Na malighafi yake tunayo mlangoni. Mawe, simiti, magunia ya unga, vyote mjini humu hupita vichochoroni juu ya migongo ya punda, na kila asubuhi watu hufagia samadi. Kisha tunaichanganya na plastiki na kuitupa jaani, au mvua inaisomba hadi baharini. Jambo hili linaniuma sana, maana yule yule aliyeifagia ndiye aendaye dukani kununua mbolea. Nawaomba kila mtaa utenge pipa la samadi peke yake.

Lakini samadi mbichi msiitie kwenye matuta. Punda hacheui kama ng'ombe, kwa hiyo mbegu nyingi za magugu hupita tumboni mwake zikiwa hai. Vijidudu vya maradhi navyo vimo, na mboga nyingine tunazila bila kupikwa. Ya kuku ni kali zaidi, huunguza mizizi ya miche. Na mwenye kidonda mkononi au mguuni asiishike samadi bila glavu na viatu, kwa sababu ya pepopunda.

Iozesheni kwanza kwenye biwi, yaani lundo. Tafuteni kivuli, chini ya mwembe au mkwaju. Juani biwi hukauka na naitrojeni, chakula kinachokuza majani, hupotea hewani. Lifike mita moja kwenda juu na mita moja kila upande, likiwa dogo halishiki joto. Chini tandikeni majani makavu, makuti makuukuu yaliyoshushwa paani, makumbi yaliyochambuliwa (makumbi mazima yatawakalia miaka). Juu yake samadi, maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, kisha vikavu tena. Samadi ya punda na vikavu, ndoo kwa ndoo. Ya kuku yataka vikavu maradufu. Matumbo ya samaki yazikwe katikati kabisa, la sivyo paka wa mji mzima watakuja kufukua.

Unyevu upimeni kwa mkono. Kamua konzi moja: likitoa tone moja au mawili, ndivyo. Yakichuruzika maji, ongeza vikavu. Na maji ya kisima chenye chumvi msiyatumie, chumvi hubaki humo humo na itakwenda nayo bustanini.

Siku ya tatu au ya nne chomekeni chuma hadi katikati, kiacheni dakika kadhaa, mkichomoe. Kikiwa cha moto hata hukishiki vizuri, kazi inakwenda. Kwa ndani joto hufika nyuzi 55 hadi 65, na hilo ndilo liuwalo mbegu za magugu na vijidudu. Pembeni halifiki, ndiyo maana biwi hupinduliwa, la nje liingie ndani. Mkilipindua mtaona mabuu manene, meupe, yaliyojikunja. Wenye minazi wasikilize hapa: baadhi ni ya chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Huzaliana kwenye samadi iliyoachwa ikae na kwenye magogo ya minazi yaliyooza. Yaokoteni mabuu hayo muwape kuku.

Sasa suala la majivu, nalo nalisisitiza. Bara wakulima wengi hutia majivu kwenye mboji, na kwa udongo wenye asidi inafaa. Udongo wetu una chokaa tele kutokana na matumbawe, majivu yanaizidishia. Lirudieni lile jani la manjano mliangalie kwa karibu. Yakianza kupauka majani ya chini, yale makuukuu, na jani likapauka lote, mmea una njaa ya naitrojeni. Yakipauka machanga ya juu huku mishipa imebaki kijani, kinachokosekana ni madini ya chuma: yamo ardhini, ila chokaa imeyafunga. Huyo wa pili ukimtilia majivu unamzidishia ugonjwa.

Mboji iliyoiva ni nyeusi, hunuka kama ardhi baada ya mvua, na samadi haitambulikani tena. Tieni ndoo mbili za lita 20 kwa kila mita mraba, mchanganye na mchanga wa juu kiasi cha shubiri moja. Joto la pwani huimaliza upesi, kwa hiyo kabla ya masika na kabla ya vuli, rudieni.

Biwi linalopinduliwa kila wiki mbili huiva kwa miezi mitatu hivi. Leo tumo katika kaskazi, na masika huanza Aprili. Kesho baada ya Alasiri tutaanzisha la kwanza uani hapa. Mwenye koleo aje nalo, na mwenye punda aje na gunia.