Siku Moja ya Cape: Dereva, Mizabibu na Barabara ya Pwani

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena kutoka hapa Nairobi. Leo tunazungumzia safari ya siku moja kutoka Cape Town hadi mashamba ya mizabibu na pwani ukiwa na dereva wa kukodi, safari ambayo imekuwa rahisi zaidi kwetu tangu mwaka 2023, Afrika Kusini ilipowaondolea Wakenya viza kwa ziara zisizozidi siku 90 kwa mwaka. Kaka Mutua, kule magari hupita kushoto kama kwetu, na leseni ninayo. Dereva wa nini?

MUTUA: Kwanza ni kwa sababu ya glasi, dada. Anayezuru mashamba ya mizabibu anakwenda kuonja mvinyo, na sheria ya kule haimruhusu dereva kufikisha gramu 0.05 za pombe katika mililita 100 za damu. Aliyewahi kupulizishwa alkoblo, kile kipima pombe cha polisi, kwenye Barabara ya Thika hahitaji maelezo zaidi. Hata hivyo, kazi kubwa ya dereva ni kuipanga siku. Matangazo mengi hukuahidi Stellenbosch, Franschhoek, Paarl na Hermanus kwa mkupuo mmoja, na ukikubali utaona vioo vya gari zaidi kuliko utakavyoiona miji yenyewe.

ZUHURA: Wewe ungebakisha nini?

MUTUA: Ningefuata barabara ya R44 tu, inayotoka Stellenbosch kuelekea pwani. Asubuhi ningeanzia Stellenbosch, mji ulioanzishwa na Simon van der Stel, mkuu wa koloni la Waholanzi, mwaka 1679, kilomita 50 hivi kutoka Cape Town. Hapo ningeshuka garini na kutembea kwa miguu Mtaa wa Dorp, wenye nyumba za kuta nyeupe, mialoni mikubwa na mifereji ya maji kando ya njia, kisha niingie makumbusho ya mji, ambako kuna nyumba ndogo ya mwaka 1709 yenye jiko la moto wa kuni na madirisha madogo. Mji huo ndio chimbuko la pinotage, zabibu ambayo Profesa Abraham Perold aliipata mwaka 1925 kwa kuchanganya aina mbili za Kifaransa.

ZUHURA: Nami nina neno kuhusu kuta hizo nyeupe. Waelekezi wengine husimulia habari za magavana na mapipa, wakawaruka waliolima. Watumwa waliletwa Cape kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Msumbiji, yaani baadhi yao walitoka upande huu wetu wa Bahari ya Hindi. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, lakini walilazimika kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale hadi 1838. Hata baada ya hapo, kwa vizazi kadhaa, vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na madhara ya ulevi huo yangali yanaonekana katika familia za huko. Dereva asiyeweza kulizungumzia jambo hilo huku mkipita katikati ya mizabibu, mimi simkodi.

MUTUA: Nakubaliana nawe, ila tutofautishe kazi mbili. Sheria ya kule inamtaka anayeongoza watalii awe amesajiliwa, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama mtu huyo ni dereva tu au pia ni mwelekezi mwenye kitambulisho. Uliza vilevile kama bei ni ya gari zima au ya kila kichwa, na kama ada za kuonja mvinyo zimo.

ZUHURA: Na gereza alikotoka Mandela tarehe 11 Februari 1990? Mkenya gani atakubali kulikosa?

MUTUA: Liko kati ya Paarl na Franschhoek, upande mwingine wa milima. Litengee siku yake. Siku hii ningesimama shamba moja tu, Vergelegen, lililoanzishwa mwaka 1700 na gavana Willem Adriaan van der Stel, mwana wa yule Simon, ambaye baadaye alifukuzwa kazi kwa malalamiko ya wakulima wenzake. Baada ya chakula cha mchana, ni pwani.

ZUHURA: Hapo ndipo pangu. Kutoka Gordon's Bay barabara inang'ang'ania ubavu wa mlima huku bahari ikiwa chini yako upande wa kulia. Inasemekana ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kama kale kakanisa ketu ka Mai Mahiu. Mwambie dereva asimame kwenye maegesho ya kutazamia bahari, kwa sababu mwenye usukani hapaswi kuangalia mawimbi.

MUTUA: Mwisho wa safari ni Stony Point, Betty's Bay, palipokuwa kituo cha kuchakata nyangumi na sasa ni makazi ya pengwini wa Kiafrika, ndege ambao tangu 2024 wameorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Utawapita hatua chache kutoka kwenye njia ya mbao.

ZUHURA: Twende mwezi gani, basi?

MUTUA: Zabibu huvunwa kati ya Januari na Machi, ilhali nyangumi huonekana kwenye pwani hiyo kuanzia Juni hadi Novemba, na Juni hadi Agosti ni miezi ya mvua na baridi. Vyote kwa pamoja huvipati. Mimi ningekwenda Oktoba, nikawaachia wengine mavuno.