Tuandike shairi la mtoto wa miaka sita, hatua kwa hatua

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo tunaandika shairi la mtoto, kuanzia karatasi tupu mpaka watoto wenyewe walipokee kwa makofi. Nasema na walimu wa awali na wa madarasa ya chini, wazazi, mashangazi, na kila anayebaki na watoto jioni umeme ukikatika. Chukua daftari, penseli na kifutio. Ukihitaji kusimamisha video, simamisha, kazi hii haina haraka.

Hatua ya kwanza: amua shairi ni la nani. Juu ya ukurasa andika umri wa mtoto. Mimi hapa naandika "miaka 6". Umri ndio unaokupa urefu wa mshororo, yaani mstari wa shairi. Tarbia tuliyoizoea ina mishororo minne kila ubeti, na mshororo mmoja una mizani, yaani silabi, 16: nane kwa nane. Mtoto wa miaka sita pumzi inamwishia katikati ya mshororo huo. Mpe kipande kimoja tu, mizani 8, na ubeti wa mishororo minne. Wa darasa la tano na kuendelea, hao wapelekee zile 16, wanaziweza.

Hatua ya pili: tafuta kitu. Nasema kitu, sisemi mada. Elimu ni mada, nidhamu ni mada, amani ni mada. Bata ni kitu, ndoo inayovuja ni kitu. Tazama mshororo huu ninaouandika hapa:

Enyi watoto someni, elimu ni ufunguo

Hesabu, mizani 16 imetimia. Lakini mtoto ameona nini hapo? Hajaona chochote. Hili linaniuma, kwa sababu mashairi mengi tunayowakaririsha watoto kwenye mahafali yameandikwa kwa ajili ya mgeni rasmi. Mtoto anasimama mbele, ameshika pindo la sketi, macho juu, anayatema maneno mpaka yaishe, anarudi kukaa. Wenzake hawamwombi arudie, na jioni hulisikii kwenye mchezo wao. Shairi la mtoto lazima liwe na kitu anachoweza kukiona, kukiigiza au kukicheka. Ukitaka kumfundisha jambo, litapita humo humo.

Mimi nimemchagua mbuzi aliyekula kanga iliyoanikwa. Mbuzi ana mlio, na mlio mtoto anauiga bila kufundishwa. Ana utundu. Na kuna mtu mzima anayehangaika kwa sababu yake, jambo ambalo watoto hulifurahia popote walipo. Wewe usichukue mbuzi wangu. Toka nje uangalie kwa dakika chache: kuku kwenye kivuli cha gari, mjusi ukutani, jirani anayekimbiza kofia iliyopeperushwa na upepo.

Hatua ya tatu ni mizani, na hapa tutakaa kidogo. Andika sentensi kama unavyoongea:

Mbuzi wetu ana njaa sana

Sasa piga kofi kwa kila silabi. Mbu-zi-we-tu-a-na-nja-a-sa-na. Kumi. Tunataka nane, kwa hiyo "sana" inaondoka, na wala hatujapoteza kitu: mbuzi mwenye njaa anaeleweka.

Mbuzi wetu ana njaa

Zingatia sauti za puani, maana ndizo zinazowachanganya wengi. Kwenye "mbuzi" ile m inashikana na b, kofi ni mawili tu: mbu-zi. Kwenye "mtaa" m inasimama yenyewe, makofi matatu: m-ta-a. "Nchi" ni n-chi, mawili. "Ng'ombe" ni ng'o-mbe, mawili pia. Ukiwa na shaka, usibishane na karatasi. Tamka polepole huku umeweka kiganja chini ya kidevu, usikilize mahali sauti inapokatika.

Hatua ya nne: vina, yaani sauti za mwisho zinazofanana. Mshororo wetu umeishia na sauti ya aa. Pembeni mwa ukurasa jaza maneno yenye kina hicho, hata yasiyohusiana na mbuzi: taa, jaa, kaa, mtaa, mkaa, dagaa, balaa, shangaa, duwaa, kataa, twaa. Orodha hii ni hazina, kwa sababu mara nyingi neno la pembeni ndilo linalokuletea kisa. Mimi nilipoliona "jaa" nikapata mahali pa mbuzi kuanzia uharibifu wake:

Kala maganda ya jaa

Mshororo wa tatu nilitaka useme "Kala kanga ya bibi". Piga makofi: saba, na kina kimekimbia. Hapa ndipo watu hupachika neno lolote ili hesabu itimie, na shairi linaanza kuchechemea. Usipachike. Igeuze sentensi yote, anza na kanga:

Kanga nayo kaitwaa

Nane, na kina kimerudi. Utaniuliza, mtoto wa miaka sita anajua "kutwaa"? Pengine hajui. Lakini anamwona mbuzi na anaiona kanga, atalielewa kutokana na kisa. Neno moja jipya kwenye ubeti linamkuza. Yakiwa matatu utalazimika kusimama kueleza, na watoto watakuwa wameshatawanyika.

Hatua ya tano: wape watoto kazi. Mshororo wa nne uwe kiitikio, wa kwao peke yao, unaojirudia kila ubeti. Hauhitaji kina cha aa. Unahitaji kelele:

Mbuzi huyo! Mee! Mee!

Tuusome wote sasa:

Mbuzi wetu ana njaa,
Kala maganda ya jaa,
Kanga nayo kaitwaa,
Mbuzi huyo! Mee! Mee!

Na ubeti wa pili, kutoka orodha ile ile ya pembeni:

Bibi kaja, kashangaa,
Kauzunguka mtaa,
Mbuzi kimya, kaduwaa,
Mbuzi huyo! Mee! Mee!

Angalia, hakuna mahali niliposema "watoto, tuanue nguo mapema" wala "tusiache mifugo izurure". Bibi kuzunguka mtaa mzima huku mbuzi amesimama pale pale kumeshasema yote.

Hatua ya sita ni ya majaribio, na tafadhali usiiruke. Lisome mbele ya mtoto mmoja au wawili bila utangulizi wowote. Kisha waombe wao waseme nawe. Usiangalie karatasi yako, angalia midomo yao. Mtoto akijikwaa mara mbili kwenye neno lile lile, badilisha neno, mtoto mwache. Akikisahau kiitikio, ujue kiitikio hakijanoga. Akiongeza lake, sikiliza vizuri, kwa sababu watoto wana masikio makali kuliko sisi. Ubeti wa tatu mimi siuandiki. Nawapa mishororo miwili wazi, nawauliza: mbuzi amekula nini tena? Mtoto akisema "kala taa", liandike ubaoni mbele yake. Baadaye mwonyeshe makofi, wakubwa kidogo waanze kujihesabia wenyewe.

Ukiwa na darasa la wakubwa, geuza shairi liwe ngonjera. Kundi moja liwe mbuzi, jingine liwe bibi, wajibizane. Ngonjera hapa Tanzania zilipata umaarufu mkubwa kwa kazi ya Mathias Mnyampala wa Dodoma, miaka ya 1960, na zilikuwa za kufikisha ujumbe kwa wananchi. Kwa watoto ujibizanaji wenyewe ndio utamu, kila upande unataka kushinda.

Sasa kulifikisha kwa wengine. Chukua karatasi ya manila na maka peni, andika ubeti mmoja tu kwa kila karatasi, herufi kubwa, kiitikio kwa rangi nyingine ili asiyejua kusoma vizuri ajue zamu yake imefika. Anza kwa mwito ambao watoto wako wameuzoea. Wa kwenu wakisema "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!", anza hivyo. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa, na kabla ya kiitikio nyamaza kidogo, wenyewe watakijaza.

Kama unahitaji siku, zipo tatu nzuri kwenye kalenda: tarehe 21 Machi, Siku ya Ushairi Duniani, 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, inayowakumbuka wanafunzi waliouawa wakiandamana Soweto, Afrika Kusini, mwaka 1976, na 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Pia kuna African Storybook, tovuti ya vitabu vya picha vya bure, Kiswahili kikiwemo. Unaweza kuweka maandishi yako humo, lakini fahamu kwamba ukiyaweka umeruhusu wengine wayatumie, wayafasiri na kuyabadilisha. Mimi sioni ubaya. Wewe amua kabla, si baada.

Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, sauti inatosha. Rekodi kwenye chumba chenye mapazia au nguo nyingi ili sauti isirudi, simu iwe mbali kidogo na mdomo, dakika moja isizidi. Ukitaka video ya watoto, pata kwanza ruhusa ya mzazi wa kila mtoto anayeonekana, na sare yenye jina la shule isionekane. Mtoto naye muulize, akikataa basi. Na ubeti uliotungwa na mtoto uandikwe kuwa ni wake, kwa jina ambalo yeye na mzazi wake wamekubaliana.

Simamisha hapa, andika umri juu ya ukurasa, uende nje ukatafute kitu chako. Video inayofuata tutaandika bembelezi za kulalia, ambazo mizani yake inafuata mkono unaombembeleza mtoto.